Watazamaji Laki Moja Sio Ushahidi

(Mada niliyoitoa kwa vijana wa chama, Singida Mjini)

Leo naiacha tume ya uchaguzi, nazungumzia sikio.

Huku kwetu, iwe Mkalama, Ikungi au Manyoni, mtoto akitoka usaha sikioni utasikia "atakua, itaisha." Usaha ukitoka kwa miezi, mara nyingi ngoma ya sikio imeshatoboka. Hapo anatakiwa bingwa wa masikio, pua na koo, na kumpata ni rufaa, nauli na foleni, Dodoma au Muhimbili.

Daktari kijana aliye mbali na mabingwa anajifunzia YouTube. Simlaumu hata kidogo. Sikio linapasuliwa chini ya hadubini, kwenye tundu jembamba. Ukisimama pembeni ya meza huoni kitu. Kwenye video unaona anachokiona mpasuaji.

Sasa, video gani? Mtu anapakia operesheni iliyokwenda vizuri, anakata dakika ngumu, anaweka muziki. Hasemi mgonjwa alikuwa anasikia kiasi gani kabla, wala baadaye. Haonyeshi neva ya uso inapita wapi, na ile ukiijeruhi, mgonjwa anaamka uso umepinda! Mwaka 2018 wapasuaji wa tumbo kwa matundu madogo walitoa mwongozo, LAP-VEGaS, kwamba video ya kufundishia ieleze historia ya mgonjwa, hatua kwa hatua, mpaka matokeo. Na sikio lipimwe hivyo hivyo. Sisi wa sheria, shahidi akisimulia nusu ya tukio tunamhoji mpaka atoke jasho. Kwa nini video iachwe kwa sababu ina watazamaji laki moja?

Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017. Hospitali ya umma, kodi zetu. Basi wao na MUHAS warekodi kwa Kiswahili, na palipoharibika pasikatwe. Idhini ya mgonjwa iwe ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Halafu video zipelekwe hospitali za wilaya, daktari asitumie bando lake.

Ila tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Video haimfanyi mtu kuwa bingwa. Mbunge akija na ile ya "siku hizi kila kitu kipo mtandaoni," mwulizeni: fedha za kusomesha mabingwa wa masikio ziko ukurasa wa ngapi wa bajeti?