Kabla Hujavuka Kwenda Goziba

Leo nazungumza na wewe mwenye kibanja huko Muleba au Bukoba, uliyechoka na mnyauko wa migomba na sasa unafikiria kufunga mlango uvuke maji, ukavue dagaa na sangara kisiwani Goziba.

Uchovu huo naujua. Ugonjwa ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa kwetu mkoani Kagera. Majani yananyauka, mkungu unaiva kabla ya wakati, ukipasua ndizi ndani ni kahawia. Chakula cha nyumba nzima kimekwenda. Mtu afanye nini?

Kuvua si kosa. Lakini mgomba mgonjwa haungoji urudi. Nyuki hutua kwenye ua dume lake, kisha huruka kwa jirani. Na kibanja kisicho na mwenyewe, mnajua wenyewe, kila mtu huingia kukata majani. Anarudi kwake na ugonjwa kwenye makali ya panga. Wewe uko ziwani, na mjane wa jirani ndiye anayepoteza mikungu.

Basi pita shambani kwanza, uhesabu. Ikiwa migomba iliyougua ni michache, kaa. Kata kila wenye dalili, chini kabisa usawa wa udongo. Mizima ya shina hilohilo iache, ila ikague kila wiki. Panga lipitishe motoni kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Ua dume liondoe mara tu chane ya mwisho inapotoka, kwa kijiti chenye panda, siyo kwa panga. Kazi hii inachosha, tena haina mwisho wa haraka.

Ikiwa karibu kibanja chote kimeshikwa, hapo sikwambii upigane na mgomba mmoja mmoja. Ng'oa yote pamoja na visiki, panda maharage au viazi vitamu kwa miezi 6 au zaidi, ndipo urudishe migomba kwa machipukizi safi. Katika miezi hiyo nenda Goziba ukipenda, lakini mwachie mtu kazi ya kung'oa machipukizi yanayoota upya. Na ukipata kipande cha ardhi huko kisiwani, usichukue mbegu ya migomba kutoka kibanja hiki.