Bonge la Damu Nyuma ya Uvimbe

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60, watu wazima, waliovimba mwili huku mkojo wao ukijaa protini. Walipoulizwa wanachopaka, 32 kati yao walitaja krimu za kujichubua, na krimu hizo zilikuwa na zebaki.

Zebaki hupenya ngozi na kwenda kutua kwenye figo. Figo nzima ni kama kifumbu cha tui: maji na taka hupita, protini hubaki kwenye damu. Kifumbu kikichanika, mtu mzima anaweza kupoteza zaidi ya gramu 3.5 za protini kwa siku. Mkojo hutoa povu. Asubuhi macho yamevimba, jioni viatu havivaliki. Ugonjwa huu madaktari huuita nefrotiki, na zebaki ni kimoja tu kati ya vyanzo vyake. Kisukari, lupasi, homa ya ini na virusi vya UKIMWI navyo vimo.

Uvimbe ndio unaompeleka mtu hospitali, au kwa mganga. Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Pamoja na protini nyingine, mkojo huondoka na zile zinazozuia damu kuganda ovyo, wakati ini, likihangaika kufidia pengo, linatengeneza kwa wingi zile zinazogandisha. Bonge hutokea mguuni, au kwenye mshipa wa figo yenyewe. Likichomoka likaziba mshipa wa mapafu, mgonjwa aliyekuwa akizungumza na wanawe asubuhi anaweza asiifikie jioni.

Kinga nayo huvuja. Nimonia hupata mlango, na mchubuko mdogo kwenye mguu uliovimba huweza kugeuka maambukizi yanayosambaa kwenye ngozi.

Kuna wanaonunua vidonge vya kukojosha dukani bila kupimwa. Maji yakiondolewa kupita kiasi damu hupungua kwenye mishipa, na figo iliyokwisha kuumia inaweza kusimama kabisa.

Baadhi ya wale wagonjwa wa Nairobi walipona baada ya kuacha krimu. Mkorogo wa kujichubua ungali unauzwa mitaani. Kwa hiyo, msikilizaji, ukiona povu lisiloisha chooni, kapime mkojo. Kijiti cha kupimia hutoa jibu kwa dakika chache. Na kama umekwisha kuambiwa una ugonjwa huu, kisha mguu mmoja ukavimba na kuuma kuliko mwenzake, au pumzi ikabana ghafla, usingoje kuche. Nenda hospitali usiku huohuo.