Swali la Washenga na Macho ya Watoto



Posa ikipelekwa, wazee wengi wa kwetu hawaitiki mpaka waulizie ukoo. Kuna kifafa huko? Kuna wazimu? Kuna vipofu? Swali ni la busara. Wazee walijua, kabla yetu sisi wa maabara, kwamba maradhi mengine hutembea na damu. Tatizo ni kwamba jibu lake limepewa kazi moja tu, kuvunja uchumba, na kwa hiyo koo zimejifunza kuficha. Mwanamume mwenye jicho la bandia husema alichomwa na kijiti utotoni. Pengine hata yeye ndivyo alivyoambiwa. Ninachodai leo ni kwamba siri hiyo inapofusha watoto, na wengine inawaua.

Nitashika ugonjwa mmoja: saratani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kitaalamu huitwa retinoblastoma. Hushika watoto wadogo, karibu wote kabla hawajatimiza miaka 5, na hutokea kwa mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Ni nadra, lakini ikiwahiwa hupona. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliiweka kati ya saratani 6 za watoto zinazopewa kipaumbele. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 wanaoipata huishi. Kwetu, sisi madaktari wa macho bado tunapokea watoto ambao jicho limekwisha kuvimba na kutokeza nje.

Hurithiwaje? Mwaka 1971 Alfred Knudson, daktari aliyekuwa akifanya kazi Houston, Marekani, alichambua kumbukumbu za wagonjwa 48 akatoa maelezo yanayosimama hadi leo. Kila seli ya mwili ina nakala mbili za jeni inayoizuia isigawanyike ovyo, moja kutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Fikirieni mlango wenye makomeo mawili. Kwa mtoto wa kawaida, sharti yote mawili yavunjike ndani ya seli ileile, na hilo ni nadra mno. Aliyerithi kasoro amezaliwa komeo moja limeshavunjika katika kila seli. Linasubiriwa la pili tu. Ndiyo sababu huugua mapema, wengi ndani ya mwaka wa kwanza, na aghalabu macho yote mawili. Jeni yenyewe, RB1, iliyo kwenye kromosomu ya 13, ilitambuliwa mwaka 1986.

Mzazi aliyeugua macho yote mawili ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha mtoto kasoro hiyo, na watoto walioirithi, zaidi ya 9 kati ya 10 huugua. Kila mimba ina bahati yake: wa kwanza kusalimika si kinga ya wa pili. Aliyeugua jicho moja asijione yuko nje, kwani kiasi cha 15 kati ya 100 wa aina yake nao wanabeba kasoro ya kurithisha.

Hapa mawifi na mama wakwe mnisikilize. Watoto wengi wenye kasoro hii hawana hata ndugu mmoja aliyewahi kuugua, imeanzia kwao. Na inapoanza upya namna hiyo, mara nyingi chanzo ni mbegu ya baba. Anayefungishwa virago, hata hivyo, huwa ni mama.

Kwa familia isiyo na historia, ishara ni mboni inayong'aa nyeupe, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, ile ambayo wengi huiita jicho la paka. Au makengeza yaliyozuka. Ukiona hivyo, usinunue matone dukani, nenda hospitali. Kwa familia yenye historia, kuingoja mboni nyeupe ni kuchelewa. Uvimbe wa milimita chache huchomwa kwa leza au kugandishwa kwa baridi kali, na mtoto akabaki na jicho na uwezo wa kuona. Ukishajaza jicho, mara nyingi kinachobaki ni kulitoa. Wazazi wengi hulikataa hilo, wakamchukua mtoto kwenda kutafuta mitishamba. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono: jicho hutolewa ili mtoto aishi.

Kwa hiyo mtoto wa mzazi aliyeugua achunguzwe katika juma la kwanza la maisha, mboni ikitanuliwa kwa matone. Katika mwaka wa kwanza arudishwe kila baada ya wiki chache, na akikua kidogo alazwe kwa dawa ya usingizi ili daktari aone retina yote. Ndugu zake wadogo nao wachunguzwe. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha nani amerithi na nani aachwe bila kusumbuliwa, ila kwetu bado ni adimu. Kuchungulia jicho hakungoji maabara ya jeni.

Wala si saratani hii peke yake: mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao pia hutembea katika baadhi ya koo, naye hataki subira, kwa kuwa ubongo hujifunza kuona katika miezi ile ya mwanzo.

Wakunga, naomba mwongeze swali moja mnapojaza kadi ya kliniki: upande wa baba au wa mama, kuna aliyepoteza jicho utotoni? Washenga, endeleeni kuuliza, ila jibu lipelekeni kwa daktari badala ya kulifanya sababu ya kukataa posa. Nawe uliyetolewa jicho ukiwa mdogo, mwambie mwenzako kabla mimba haijafika miezi 9, na mtoto akizaliwa msingoje arobaini. Madaktari wa macho ya watoto wapo katika hospitali za Muhimbili na CCBRT, Dar es Salaam. Wapo KCMC, Moshi. Na kwa walio Kenya, wapo Kikuyu.