Kijana, Ngumi na Mpira



Nimeombwa kuzungumza juu ya vijana na vurugu. Lawama wamekwisha kuzisikia za kutosha. Napenda badala yake niwaeleze kazi inayofanyika Chicago, Marekani, kati ya wavulana ambao wengi wao ni weusi wa mitaa ya kusini na magharibi ya mji huo.

Youth Guidance ni shirika lisilo la kujipatia faida, lililoanzishwa mwaka 1924. Mwaka 2001 Anthony Ramirez-Di Vittorio alianzisha ndani yake mpango wa Becoming a Man, maana yake kuwa mwanamume. Wavulana hukutana shuleni mara moja kwa juma, kwa muda wa saa moja, katika duara la watu wasiozidi 15, pamoja na mshauri mtu mzima.

Zoezi mojawapo la mwanzo ni hili. Wavulana hugawanywa wawili wawili. Mmoja hupewa mpira mdogo aufumbe mkononi. Mwenzake huambiwa ana nusu dakika ya kuupata. Papo hapo huanza kuvutana, kukunjana vidole na kuangushana. Baada ya hapo mshauri huuliza kwa nini hakuna aliyeomba tu. Hujibu kwamba asingepewa, au angeonekana mnyonge. Ndipo mshauri humgeukia yule aliyeushika mpira: je, kama ungeombwa? Mara nyingi jibu ni kwamba angeutoa, kwani ni mpira tu.

Tusiwacheke. Katika mtaa ambamo anayekubali kunyang'anywa leo atanyang'anywa tena kesho, kurusha ngumi haraka kuna maana yake, na mpango huu haumwambii kijana kwamba asijitetee kamwe. Humzoeza kutua kidogo na kujiuliza: hapa nilipo ni wapi, na huyu anataka nini hasa? Jibu linalomsaidia barabarani linaweza kumfukuzisha darasani mwalimu anapomwamuru akae chini. Hotuba haifundishi hayo. Hufundishwa kwa kurudia, mbele ya mtu mzima ambaye naye husimulia maisha yake bila kujikweza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliupima mpango huu, kwanza kwa wavulana 2,740 wa shule 18 katika mwaka wa masomo 2009/2010, kisha tena kuanzia 2013 hadi 2015. Nafasi ziligawiwa kwa kura, hivyo walioingia waliweza kulinganishwa kwa haki na waliokosa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba, wakati wa mpango, kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulipungua kwa asilimia 45 hadi 50 miongoni mwa walioshiriki. Waliomaliza sekondari katika kundi la kwanza waliongezeka kwa asilimia 12 hadi 19. Lakini mpango ulipokwisha, tofauti ile ya kukamatwa haikuonekana tena. Sisi tunaopenda semina za siku mbili, zenye chakula kizuri na picha ya pamoja, tuitafakari habari hiyo.

Kuna swali lingine, nalo ni la haki. Je, si kumtwika kijana mzigo ambao si wake? Ramani za serikali za miaka ya 1930 zilipaka rangi nyekundu mitaa ya weusi, kuonyesha kwamba kukopesha huko ni hatari. Februari 2013 Rais Obama aliketi katika duara la wavulana wa mpango huu katika shule ya Hyde Park Academy, na mwaka uliofuata baadhi yao walisimama nyuma yake Ikulu alipotangaza mpango wa kitaifa wa My Brother's Keeper. Mwaka huohuo wa 2013 mji wa Chicago ulifunga shule za umma zipatazo 50, na wengi wa wanafunzi walioguswa walikuwa weusi. Kijana aweza kujifunza kufungua ngumi, lakini hawezi kufungua shule iliyofungwa na wakubwa. Tume kama yetu haina ruhusa ya kuchagua kazi moja na kuiacha nyingine.

Kwa upande wa duara, ombi langu ni dogo. Kila kanda ilete katika kikao kijacho jina la mtu mzima mmoja aliye tayari kuketi na vijana kila juma kwa mwaka mzima wa masomo. Wageni rasmi tunao tayari.