Kabla ya kununua mashine ya kusaga moringa

Wasikilizaji wa Lubumbashi, wengi wanaotaka kuuza virutubisho huanza na mashine. Pesa huishia hapo.

Anayeuza unga wa moringa katika soko la Kenya, hapa mjini, hupata majani bila taabu. Gharama iko kwingine: kuyakausha kivulini, mikebe inayofunga vizuri, lebo. Unyevu ukiingia, unga huota ukungu na mtaji umekwenda. Mikebe ikitoka Zambia, hupita Kasumbalesa, na forodha inataka chake. Umeme wa SNEL ukikatika, jenereta inataka mafuta.

Kisha karatasi. Kampuni husajiliwa katika ofisi ya Guichet Unique. Ubora wa bidhaa hupimwa na OCC, ofisi ya udhibiti. Na lebo isiseme unga unaponya sukari au presha! Ukiandika hivyo, umeingia kwenye dawa, na dawa ni kazi ya ACOREP, mamlaka ya dawa. Wauzaji wanapenda sana maneno hayo, kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo: karatasi na kipimo kwanza, mashine baadaye.

Wiki hii, pita OCC na Guichet Unique. Omba bei kwa maandishi. Jumlisha na mikebe, lebo na mafuta. Saga kidogo kwa mashine ya mtaani, uone kama wateja watarudi.