Intaneti ya Kukodi, Jina la Kwako

Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Funzo kwa mwenye biashara ndogo ni hili: kulipia kampuni mbili si kinga iwapo zote zinapitia waya uleule. Uliza kabla hujasaini.

Upo utegemezi mwingine, tena wa kujitakia. Anayetumia baruapepe yenye jina la mtoa huduma, siku akihama huiacha anwani ile, na pengine wateja walioizoea. Sajili jina lako la kikoa, la .co.tz au .co.ke, kwa msajili aliyeidhinishwa. Mmiliki aandikwe wewe, si fundi aliyekutengenezea tovuti, wala kampuni ya intaneti. Nywila zikae mikononi mwako; nakala za hesabu na orodha ya wateja zihifadhiwe pia nje ya seva za mtoa huduma. Hapo, bei ikipanda au huduma ikidorora, utahama bila kupoteza mteja.

Mtoa huduma ni mchukuzi tu. Mwenye mzigo abaki kuwa wewe.