Mzee Anayetembea Usiku: Alzheimer katika Nyumba za Kindu
Mada kwa wauguzi, wahamasishaji wa afya na viongozi wa dini



Tukiandika sifa za mulozi, yaani mchawi, kama zinavyosimuliwa Kasuku, Mikelenge au Alunguli, tutapata hizi: hutoka usiku watu wakiwa wamelala, huongea na marehemu, huvua nguo mbele za watu, huwashtaki wanawe kwamba wamemwibia, humtazama mjukuu kana kwamba hamjui. Muuguzi akisomewa sifa hizo bila kuambiwa ni za nani, atafikiria ugonjwa wa ubongo. Ndilo jambo lililonileta hapa.

Alzheimer ni ugonjwa wa namna hiyo, na ndio unaosababisha sehemu kubwa ya demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili, duniani. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliieleza mwaka 1906, alipochunguza ubongo wa Auguste Deter, mwanamke aliyemfahamu alipolazwa Frankfurt. Aliona mabaki yaliyoganda kati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo yanajulikana kama protini za amiloidi na tau. Sehemu inayohifadhi mambo mapya huharibika mapema. Ndiyo maana mzee aliyefanya kazi kwenye reli husahau alichokula asubuhi, lakini hukutajia vituo vya njia ya Kongolo kimoja baada ya kingine. Jamaa husema anajisingizia. Hajisingizii. Akikosa pesa alizozificha mwenyewe, hakumbuki kuzificha, basi mwizi lazima awe yule aliye karibu, na aliye karibu ni mkamwana anayempikia.

Huu si ugonjwa wa Wazungu. Watafiti waliowapima watu wa miaka 65 na zaidi mwaka 2008 na 2009 walikuta demensia kwa asilimia 8.1 Bangui na 6.7 Brazzaville. Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake wametengeneza vipimo vya akili vinavyofaa Waafrika, wakatafuta pia alama za amiloidi na tau katika damu ya wazee. Vipimo hivyo vina maana kwetu. Kumwambia mama ambaye hakusoma, kama vipimo vya kawaida vinavyotaka, atoe saba kwenye mia, tena na tena, ni kupima shule yake. Mwulize binti yake: je, bado anajua njia ya kwenda kuvuka mto? Bado anapika pondu kama zamani? Jibu la "amebadilika" lina uzito zaidi kuliko hesabu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Maniema ina jambo lake. Mkoa wetu ni miongoni mwa maeneo ya malale, na malale ikifika kwenye ubongo hugeuza usiku kuwa mchana na kubadilisha tabia. Mgonjwa wa malale anaweza kupona. Damu ya kidole huanzisha uchunguzi, na tangu mwisho wa 2018 nchi yetu imeruhusu vidonge vya feksinidazoli, tiba ya siku 10 kwa wagonjwa wengi. Ongezeni hapo mambo mengine yanayovuruga akili na yanayoweza kutibiwa: kaswende, upungufu wa vitamini B12, homa kali, huzuni nzito, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka. Kwa hiyo neno "ni uzee tu" nalo linadhuru, pengine sawa na "ni mulozi".

Na neno la pili linaua. Mwaka 2021, kwa jirani zetu wa Kivu ya Kusini, wanawake waliochomwa au kupigwa hadi kufa kwa tuhuma za uchawi wengi walikuwa wazee. Siwezi kusema nani kati yao alikuwa mgonjwa. Sijasikia tu kwamba kuna aliyepimwa.

Dawa ya kuponya Alzheimer haipo. Zilizopo hupunguza dalili kidogo, nazo ni ghali. Tulichonacho ni kudhibiti tansio na kisukari mapema, na kuitunza nyumba: taa ndogo usiku, kisima kifunikwe, majirani waambiwe wazi kwamba babu anapotea njia. Msibishane naye akidai kwenda kwa mama yake aliyekwisha kufa. Mwulizeni habari za huyo mama, mara nyingi atatulia. Mkamwana naye apokezwe zamu, japo siku moja kwa juma.

Wachungaji, mwombeeni. Lakini msimfungishe: mzee akikosa chakula na maji huchanganyikiwa zaidi siku ileile, na watu wa chumba cha maombi watadhani wameona pepo. Mleteni kwanza kituo cha afya apimwe, kisha maombi yaendelee kwake nyumbani.